Kurasa Kumi na Mbili za Njuki

Maiti ya mtafiti Njuki ililala kifudifudi kando ya meza ya kompyuta. Kisogo kilikuwa kimepasuka, na damu ilikuwa imekauka kwenye zulia. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa sakafuni, nywele zimeganda kwenye kitako chake.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Agosti 1996, katika taasisi ndogo ya utafiti wa sera mjini Embu. Inspekta Kawira alichuchumaa, akatazama bila kugusa kitu.

"Mlango haukuvunjwa, afande," alisema Konstebo Gedion. "Daktari wa polisi anakadiria alikufa jana mchana."

Mkurugenzi, Daktari Ndambiri, alisimama mlangoni kwa suti ya kijivu, akichunga viatu vyake visikanyage damu.

"Hii ni kazi ya majasusi, Inspekta," alisema. "Sisi hapa tunatafiti teknolojia mpya na usalama wa taifa. Sidhani polisi wa kawaida atayaelewa mambo haya."

"Nieleze polepole, basi."

"Wamebeba disketi zote tatu za Njuki. Mataifa ya nje yanazitafuta habari kama hizo."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Githongo, kwa wakwe zangu. Tangu Alhamisi. Nimefika asubuhi hii, nikamkuta mpiga chapa wangu akilia."

Mpiga chapa, Cicily, aliketi nje kwenye benchi, leso mkononi.

"Njuki alikuwa akitafiti nini?" Kawira alimuuliza.

"Redio za polisi, madam. Alinunua karedio ka kunasa mawimbi pale Makutano, Meru, duka la kawaida tu. Akakaa nako Mikinduri wiki tatu. Alikuwa anasikia askari wakipanga doria, neno kwa neno. Wezi wa ng'ombe pia wanatumia hizo redio."

Kalamu ya Kawira ilisimama. Juni, alipokuwa angali Meru, askari wake wawili walikuwa wameviziwa na kuuawa kwenye njia iliyotajwa redioni tu. Mmoja, Konstebo Muriithi, Kawira ndiye aliyekuwa amemfundisha kazi.

"Disketi zilikuwa ngapi?"

"Mbili. Ya tatu nilimtolea nakala Jumamosi, tukiwa sisi wawili tu. Alisema leo angeipeleka Nairobi mwenyewe."

"Ulimwambia Daktari Ndambiri?"

"Saa ngapi, madam? Hakuwa hapa, na simu imeharibika tangu Ijumaa. Leo hajaniuliza kitu."

Kawira alimtuma Gedion kituoni apige simu Githongo. Jibu lilikuja upesi: mkwe wao Ndambiri aliondoka Jumapili baada ya chai, hata kanisani hakwenda. Kisha wakapekua gari lake. Chini ya gurudumu la akiba walizipata disketi tatu, zimefungwa kwa kitambaa chenye damu.

Mahojiano hayakuchukua muda.

"Nani alikuambia disketi ni tatu?"

"Cicily, bila shaka."

"Hakukuambia."

"Basi nilikisia."

Kawira aliziweka mezani moja moja. "Na kwenye gari lako zilifikaje?"

Ndambiri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ripoti yangu ilikwenda Nairobi mwaka jana. Niliandika kwamba mawasiliano ya polisi ni salama. Kwa ripoti hiyo nilikuwa nimeteuliwa kwenye kamati ya usalama, Inspekta! Halafu Njuki ananiletea kurasa kumi na mbili na redio ya dukani."

"Ulizisoma?"

"Ndiyo."

"Zilikuwa na kosa?"

"Hapana."

"Wewe ulifika Mikinduri kabla ya kuandika yako?"

"Sera haiandikwi vichakani. Nilitumia majarida ya ng'ambo. Ni utaratibu unaokubalika."

"Muriithi alikuwa na miaka ishirini na sita."

"Muriithi ni nani?"

Kawira alimtazama kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga barabarani.

"Endelea," alisema.

"Nilimwomba Njuki angoje mwaka mmoja tu. Akasema watu wanakufa. Akanipa mgongo, akaendelea kuchapa. Mtungi ulikuwa karibu."

Gedion alimsogezea maelezo ayatie sahihi. Ndambiri aliyasoma taratibu, akasahihisha herufi mbili, akaweka jina lake pamoja na shahada zake zote.

"Inspekta," alisema kwa sauti ndogo, "ripoti yangu itasomwa mahakamani?"

"Kila ukurasa."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza siku hiyo.