Karatasi ya Kwenye Kioo

Gari lilinunuliwa ng'ambo ya mpaka siku ya Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata lilikuwa bado halijafika nyumbani.

Halikuwa bovu. Injini iliwaka mara moja, matairi mawili yalikuwa mapya, na fedha ya ushuru ilikuwepo, imeshonwa ndani ya koti la baba. Lililolizuia gari ni karatasi moja yenye ukubwa wa kiganja. Aliyeibandua ni msichana wa miaka kumi na miwili, na kwa siku mbili alijua kuwa ni yeye, akanyamaza.

Baba yake alikuwa seremala. Kwa miaka kumi na mmoja alipeleka vitanda na makabati kwa wateja akitumia pikapu za kukodi, na wenye pikapu walimkamua mpaka tone la mwisho. Ng'ambo pikapu ziliuzwa karibu nusu ya bei ya nyumbani. Alijinyima, akaweka akiba, akafunga karakana kwa wiki moja, akaondoka. Mama alikuwa amekwenda kumuuguza bibi, shule zilikuwa zimefungwa, na mtoto hawezi kuachiwa nyumba tupu. Kwa hiyo msichana akaenda na baba yake. Baba alimwita Msumari, kwa wembamba wake na kwa ukaidi wake.

Kununua kulichukua saa tatu. Maafisa wa ng'ambo walilikagua gari, wakampa baba karatasi moja ya kuweka kwenye faili, na pacha wake wakaibandika kwenye kioo cha mbele. Jioni ile ile gari likavuka na kuingia katika yadi ya forodha ya upande wa nyumbani. Hapo ndipo kungoja kulipoanza.

Yadi ilikuwa uwanja mpana wa kokoto, umezungushiwa waya, magari yamepangwa safu kwa safu kama viatu dukani. Kila asubuhi baba na binti walitoka kwenye chumba chao cha kupanga nyuma ya geti. Baba akishika njia ya ofisini, faili kwapani, alisema maneno yale yale: "Kaa ndani ya gari, mwanangu. Lilinde. Narudi sasa hivi."

Sasa hivi yake ilikuwa saa nane mchana.

Msumari akakaa. Alihesabu magari ya safu yao, ishirini na saba. Akahesabu mashimo ya kitambaa cha dari, akachoka. Madereva walipita wakizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba kiti kilikuwa kitupu. Hapakuwa na mtoto mwingine yadi nzima. Akijisemesha, sauti yake ilijaa ndani ya gari kisha ikamrudia mwenyewe, akaona haya, akanyamaza.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemwona. Huyo alikuwa mwanamke mnene aliyeosha magari, na wote walimwita Mama Ndoo. Alivaa kitambulisho cha yadi kifuani, na sharti la kitambulisho hicho lilikuwa moja: aoshe magari yaliyokwisha kuruhusiwa kuondoka tu. Gari ambalo halijakaguliwa, maji yasiliguse. Mchana alikuja na chakula chake, akaipindua ndoo kando ya mlango wa pikapu, akaketi juu yake.

"We Msumari, bado hujaota kutu humo ndani?"

"Bado, mama."

"Leo baba yako wamemfikisha wapi?"

"Dirisha la nne."

"Basi bado ana safari. Yako saba, na la saba mwenye nalo yuko likizo." Akacheka mpaka ndoo ikalalamika. Msumari naye akacheka. Ile nusu saa ndiyo iliyokuwa siku yake. Iliyobaki ilikuwa kungoja tu.

Jumatano vumbi lilikuwa zito. Jana yake usiku baba alisema, akivua viatu, "Kesho kutwa mkaguzi anatufikia. Nitafurahi siku nitakayoliona gari hili linang'aa mbele ya karakana yangu." Msumari aliyashika maneno hayo. Alikwenda kwa Mama Ndoo, akaazima ndoo, akasema anataka kufua shati lake.

"Chukua. Ila usiipoteze, hiyo ndiyo ofisi yangu."

Hakufua shati. Aliosha milango, akaosha boneti, akapanda juu ya bampa afikie kioo. Kwenye kioo kulikuwa na karatasi tatu chafu zimebandikwa pembeni. Moja ilikuwa ya bei ya muuzaji. Nyingine ilikuwa na namba ya kaunta ya muuzaji. Ya tatu ilikuwa na mhuri uliopauka. Hakuisoma. Aliona ni uchafu wa dukani, kama vile vibandiko vya kwenye sahani mpya. Aliziloweka zote tatu kwa sabuni, akazikwangua kwa ukucha, akazifunga ndani ya kitambaa kichakavu alichotumia kuoshea, akatupa katika pipa la taka nyuma ya safu. Kazi ilipokwisha alikuwa amelowa mpaka magotini, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuwa mpweke. Ndoo aliiacha kando ya gurudumu, akakimbilia chumbani kubadili nguo.

Baba alirudi amechelewa, kichwa kimejaa madirisha. Hakuliangalia gari. Msumari alikata tamaa kidogo, akajisemea ataliona kesho.

Kesho yake mkaguzi alikuja. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani minene na sauti isiyopanda wala kushuka. Alisoma namba ya chesisi, akailinganisha na faili, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainuka.

"Karatasi iko wapi?"

"Hiyo hapo kwenye kioo, mheshimiwa," baba akasema, akageuka kuionyesha. Kioo kiling'aa. Alichokiona ni uso wake mwenyewe.

"Ninayo ya kwenye faili," baba akasema.

"Ya kwenye faili inasema kuna gari limetoka. Ya kwenye kioo inasema gari lililotoka ni hili. Kuna watu huzibandua, wakazibandika kwenye magari ya wizi. Umeiuza, fundi?"

"Mimi? Mimi natengeneza vitanda!"

Mkaguzi alikuwa anatazama gurudumu. "Gari hili limeoshwa. Ndoo hii ya nani?"

Mama Ndoo aliitwa. Alikuja akijifuta mikono.

"Ndoo ni yangu," akasema. "Gari sijaligusa."

"Ilifikaje hapa?"

Mama Ndoo alimtazama Msumari. Hakukunja uso. Alimtazama tu, akangoja, kama mtu anayemwachia mwenzake zamu. Msumari akainamisha kichwa, akavitazama viatu vyake.

"Msumari," baba akasema, "wewe ndiye uliyekuwa hapa. Umemwona mtu akiosha gari?"

"Nilikuwa nimelala, baba."

Alisema haraka mno, kisha neno likawa limekwisha kutoka. Mama Ndoo alifungua mdomo, akaufunga. Mkaguzi akanyoosha mkono. Mama Ndoo akakivua kitambulisho, akampa, akachukua ndoo yake, akatembea hadi getini bila kugeuka.

Baada ya hapo siku zikawa ndefu kuliko zile za mwanzo. Baba ilibidi avuke tena kwenda kuomba karatasi nyingine, akaambiwa arudi Ijumaa. Ijumaa akaambiwa arudi Jumamosi. Msumari alikaa ndani ya gari lililong'aa. Mchana ulipofika hakuna aliyekuja. Kupitia waya aliweza kumwona Mama Ndoo nje ya geti, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anangoja gari lolote litakalotoka likiwa chafu. Mengi yalipita bila kusimama. Mara moja macho yao yalikutana. Msumari alilala chini kwenye kiti ili asionekane, na chakula chake kikapoa mapajani.

Ijumaa jioni baba alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Yule mama ametumaliza," akasema. "Mtu mzima, ana kitambulisho, anajua sheria. Halafu anakana mchana kweupe!"

"Labda si yeye, baba."

"Nani basi? Upepo umechukua sabuni ukaosha?"

Msumari alifungua mdomo. Baba alikuwa ameketi kitandani, akisugua nyayo zilizovimba, akinung'unika hesabu za maegesho. Akashindwa. Alilala akiwa ameugeukia ukuta, na ingawa baba yake alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, hakuwahi kujiona yuko peke yake kiasi kile.

Jumamosi asubuhi baba alivuka tena. Msumari alifunga milango ya gari, akaenda ofisini kwa miguu yake. Kwenye dirisha la nne, alikokaa mkaguzi, kulikuwa na foleni ya mawakala, watu wa kushughulikia makaratasi ya wengine, wenye mafaili na simu mbili mbili. Akasimama nyuma yao.

"Na wewe mama mdogo umeingiza gari gani?" mmoja akamtania. "Baiskeli ya magurudumu matatu?"

Wakacheka. Msumari hakuondoka. Zamu yake ilipofika alilazimika kusimama kwa vidole ili aonekane.

"Shikamoo."

"Marahaba," mkaguzi akasema bila kuinua macho. "Baba yako amekutuma?"

"Hapana. Gari la baba niliosha mimi. Ndoo niliazima nikadanganya nafua shati. Karatasi nilibandua mimi, nilidhani ni ya dukani. Na juzi sikuwa nimelala."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama vizuri.

"Ziko wapi?"

"Nilizifunga kwenye kitambaa. Kwenye pipa la nyuma ya safu yetu."

Walikwenda pamoja. Mkaguzi alikunja mikono ya shati, akainamia pipa mwenyewe. Lilikuwa limebakiza saa moja tu lichomwe, kwa kuwa taka za yadi huchomwa Jumamosi. Kitambaa kilikuwa chini kabisa. Ndani yake karatasi zilikuwa zimegandana na kuchanika, lakini namba ilisomeka yote na mhuri ukasomeka nusu.

"Hii inatosha kunionyesha kwamba haikuuzwa," mkaguzi akasema. "Nitawapigia wenzetu wa ng'ambo, Jumatatu walete barua, tukague upya. Alhamisi ungesema, ingekuwa bado nzima. Ningeibandika tena pale pale, na jioni mngelala njiani." Akakikunja kitambaa. "Twende getini."

Mama Ndoo aliwaona wakija, akasimama. Mkaguzi alitoa kitambulisho mfukoni, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Nimekukosea, mama. Niliuliza vibaya, nikasikiliza vibaya."

Mama Ndoo alikivaa, akakinyoosha kifuani. Msumari alikuwa analia sasa, makamasi na machozi pamoja.

"Nisamehe, mama. Kwa nini hukunitaja?"

"Ningesema ni wewe, wewe ungesema umelala. Nani angeaminiwa, mtoto wa mwenye gari au mimi? Nilikungoja useme mwenyewe." Akainua ndoo yake. "Nimekungoja hapa juani siku mbili."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe," Mama Ndoo akasema, na akaingia kazini.

Baba alirudi adhuhuri mikono mitupu. Msumari alimweleza yote akiwa amesimama, hakukaa. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga, hakupayuka. Aliegemea boneti.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Kuosha kioo ulitaka kunifurahisha. Hilo ni kosa la kutojua, na mimi mwenyewe nimelichangia. Sikukueleza ile karatasi ni ya nini. Fundi asiyemwambia msaidizi wake ubao upi usikatwe, ubao ukikatwa ajilaumu. Hilo limekwisha. Lakini kumwona mtu anafukuzwa kazi kwa kosa lako, na wewe una neno la kumwokoa mdomoni, ukalimeza, hilo hukulifanya kwa kutojua. Ulilifanya Alhamisi, ukalirudia Ijumaa. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ukichelewa, anayelipa si wewe peke yako."

Kisha akaenda kwa Mama Ndoo kumwomba radhi kwa maneno aliyomsema kisogoni, ingawa mwenyewe hakuwa ameyasikia.

Barua ilikuja Jumatatu. Gari likakaguliwa upya, ushuru ukalipwa, na Jumanne asubuhi geti likafunguliwa.

Njiani baba alimpa Msumari kalamu na gamba la faili, akamwambia aandike gharama yote, naye atamtajia. Maegesho ya siku tano za ziada. Kodi ya chumba, siku hizo hizo tano. Nauli ya kuvuka na kurudi, mara tatu. Ada ya ukaguzi wa pili. Siku mbili za shule, kwa kuwa wenzake walifungua Jumatatu. Kabati la mteja mmoja aliyechoka kungoja akaenda kwa fundi mwingine. Magari kumi na manne ambayo Mama Ndoo hakuosha, saba kwa siku. Hayo baba alimlipa kabla ya kuondoka, naye alizipokea fedha, akazihesabu mara mbili, akasema asante.

"Kuna kingine?" baba akauliza.

Msumari alifikiri, akaandika mstari wa mwisho bila kutajiwa: Jumamosi na Jumatatu, mchana, Mama Ndoo alikula upande wa pili wa yadi. Milo miwili, peke yangu.