Atuganile na Krimu ya Karonga

Kila Jumamosi asubuhi Atuganile hufua sare zake, hupiga deki sebule, kisha hukimbilia mazoezi ya kwaya ya watoto kanisani kwao Ilomba, jijini Mbeya. Jumamosi hii hakufua wala hakupiga deki. Kwaya ilikuwa inasafiri kwenda Karonga, nchini Malawi, na kesho yake yeye ndiye angeimba peke yake ubeti wa kwanza wa wimbo wa kufungulia ibada. Nafasi hiyo aliipata Iringa, kwenye mashindano ya kwaya, alipoimba mpaka watu wakainuka vitini. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuwahi kutamani kitu kama alivyoitamani Jumapili hiyo.

Mama yake alimfungia kifurushi chenye mswaki, kopo la mafuta ya mgando na kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa kisu.

"Atu, ngozi yako haipendi manukato. Unakumbuka daktari alivyosema. Usipake kitu cha mtu."

"Sawa, mama."

Damari, rafiki yake wa kwaya, alipokuja kumpitia na kukiona kifurushi, alicheka mpaka akashika mlango.

"Wee Atu! Unavuka mpaka na sabuni ya kufulia? Tutanunua hukohuko, vitu vya nje vinanukia! Mimi sijabeba hata mswaki."

Hapo ndipo akili ya Atuganile ilipokwenda likizo. Alikichomoa kifurushi begini, akakisukuma nyuma ya gunia la mahindi. Ndani ya basi Mwalimu Veneranda, mlezi wa kwaya, mama wa Kihehe asiyetania kwenye mambo ya usafi, alimuuliza kila mtoto kama amebeba sabuni na mafuta yake.

"Vyote vimo, mwalimu," alijibu Atuganile bila kupepesa macho.

Karonga walipokelewa kwa vigelegele. Mwalimu na wasichana hao wawili walipangiwa kulala kwa Mama Nyondo, muumini wa kanisa mwenyeji. Mama huyo alizungumza Kingonde, na kwa kuwa Kingonde na Kinyakyusa ni lugha za karibu sana, Atuganile alimwelewa vizuri. Mwalimu na Damari hawakuambulia kitu, wakabaki na Kiingereza cha kuungaunga.

Alasiri wasichana waliomba ruhusa ya kwenda sokoni. Walinunua miswaki, sabuni ya waridi, na krimu yenye picha ya mwanamke anayeng'aa uso. Maandishi ya kwenye boksi hawakuyaelewa hata kidogo, lakini harufu yake iliwatosha. Baada ya kuoga walijipaka, tena Atuganile alirudia mara mbili. Kisha wakala ugali na samaki wa ziwani ambao Mama Nyondo aliwakaanga kwa mikono yake.

Asubuhi Atuganile aliamka jicho moja halifunguki. Midomo ilikuwa imevimba, mashavu yanawaka moto. Alipojaribu kuimba neno la kwanza la wimbo wake, sauti ilitoka nzito na maneno yakagongana mdomoni. Alikaa chini sakafuni akalia.

Mwalimu Veneranda aliingia, akashika kichwa. "Mungu wangu! Ulikula nini jana?"

Damari alimkanyaga mguu rafiki yake. Atuganile aliinamisha uso.

"Samaki," alisema.

Kweli alikula samaki. Lakini hata Mwalimu na Damari walikula, na walikuwa wazima wa afya. Mwalimu hakuwa na muda wa kufikiria hayo. Alitoka mbio kutafuta gari, na njiani akawaonya walezi wengine kwamba watoto wasiguse samaki.

Atuganile alibaki kitandani. Kutoka jikoni alimsikia Mama Nyondo akimwambia mumewe kwa Kingonde, huku akilia, "Wanasema nimemlisha sumu mtoto wa watu. Nitaingiaje kanisani leo? Nani atakula tena kwangu?"

Katika wageni wote waliokuwa kwenye nyumba ile, ni yeye tu aliyeyaelewa maneno hayo. Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Damari alimnong'oneza, "Ukisema, na mimi nimekwisha." Atuganile alihisi amekwisha tayari. Wimbo ulikuwa umekwenda, na sasa mwanamke aliyempokea kwa mikono miwili alikuwa analia kwa sababu yake.

Alichukua boksi la krimu, akaenda jikoni akiwa ameshika ukuta. "Si samaki wako, mama," alisema kwa Kinyakyusa. "Nilijipaka hii."

Mwalimu aliporudi, Atuganile alimweleza yote, tangu lile gunia la mahindi. Kwenye zahanati, muuguzi aliligeuza boksi na kutikisa kichwa. Ilikuwa krimu ya kuchubua ngozi. Alimwosha uso, akampa vidonge, akasema uvimbe ungechukua siku kadhaa.

Ubeti wa kwanza uliimbwa na Mercy, mwanakwaya mwenzake. Atuganile aliusikiliza akiwa amekaa benchi la nyuma, kanga usoni, na kila neno lilimuuma.

Wakati wa chakula cha mchana sinia la samaki lilipita mbele ya watoto bila kuguswa, maana onyo la asubuhi lilikuwa limeshaenea. Mama Nyondo aliinamisha macho. Atuganile alisimama, akaondoa kanga, wote wakauona uso wake.

"Samaki hawana kosa. Nilidanganya mimi," alisema, akachukua kipande, akala kwa tabu kwa midomo ile iliyovimba. Damari, machozi yakimlengalenga, alichukua cha pili. Wengine wakafuata.

"Ndaga, mwanangu," alisema Mama Nyondo. Asante.

Baadaye Mwalimu Veneranda alimketisha pembeni.

"Kuacha sabuni nyumbani ni uzembe tu, Atuganile. Ungeniambia kwenye basi, ningekukatia nusu ya sabuni yangu, na leo ungeimba. Uongo wa kwanza umekunyima wimbo. Wa pili ulikuwa unamvunjia heshima mtu aliyekulaza na kukulisha. Mwili wako ni wako, utunze kwa unachokijua. Na ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijamwangukia mwingine."

"Mwalimu, nitaimba tena peke yangu?"

"Sijui, mwanangu. Sasa nenda kamsaidie Mama Nyondo kuosha masufuria."