Vigingi Vilivyopanda Mteremko

Muuza matofali ndiye aliyeona wa kwanza. Siku hizi aliuza na viwanja, na asubuhi ya Jumamosi alimpeleka mteja bondeni kumwonyesha kimoja, akawa anausifu upepo wa pale kama vile ameutengeneza yeye, kisha akatafuta kigingi chekundu cha mpaka wa mafuriko asikione. Cha pili nacho hakikuwepo. Alipoinua macho akaviona vyote juu kwenye mteremko, vimejipanga nyuma ya nyumba za watu, na yeye, mteja na kiwanja wote wamo upande wa mto. Mteja aliaga kwa adabu akaenda zake.

Kufika saa mbili, Sajini alikuwa ameshasikiliza watu wengi kiasi cha kutoelewa mbele wala nyuma. Alikuwa mama wa makamo, mzito wa mwili na mwepesi wa kucheka, lakini asubuhi hiyo hakucheka.

"Tuanze upya," alimwambia muuza matofali. "Vigingi vimesogezwa chini, kwenda mtoni?"

"Juu, afande. Juu."

"Kwa hiyo nyumba zilizokuwa salama jana, leo zimo ndani ya mafuriko."

"Pamoja na viwanja vyangu vyote."

"Sasa nani kafaidika?"

Muuza matofali alijikuna kichwa. Swali lilimshinda, na kusema kweli lilimshinda Sajini pia. Alikuwa amekamata wahamisha mipaka tangu ujana wake, na kila mmoja wao alisogeza mpaka ili apate. Huyu alisogeza ili watu wakose.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wiki nzima mkufunzi kutoka makao makuu, binti mwembamba mwenye sauti ya mwalimu, alikuwa akiwafundisha maofisa wa halmashauri kanuni za bonde la mafuriko: maji hufika wapi, nani asijenge, na aliyekwisha kujenga afanyiwe nini. Kwa mazoezi walitoka wakapigilia vigingi vyekundu kufuata alama ya ukutani inayoonyesha mahali maji yalipofika katika gharika kubwa ya zamani. Chini ya vigingi hakuna kibali, na wanaokaa hapo watahamishwa kabla ya mvua. Juu yake, jenga ulale. Saa nane mchana siku hiyo Mwenyekiti wa halmashauri angetia saini, na mstari ule ungekuwa sheria. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Mstari ukikaa pasipo pake, ama watu watavunjiwa nyumba bure, ama watalala fofofo mahali maji yatakapopita.

Mwenyekiti hakuwa na shaka hata chembe.

"Vigingi virudishwe vilipokuwa," alisema kwenye simu. "Nitasaini mstari wa jana. Na huyo binti afungashe, ndiye kavihamisha."

"Kwa nini yeye, mheshimiwa?"

"Si ndiye alisema alama ya gharika anaiona iko chini mno? Tulimsikia wote. Amekuja kutuonyesha kwamba yeye anajua kuliko wenyeji."

Sajini alimkuta mkufunzi bondeni, macho yamemvimba.

"Ni kweli ulisema alama iko chini?"

"Nilisema naishangaa, afande. Mto mpana vile, halafu alama iko magotini. Nikaambiwa ndiyo hiyo, na waliokumbuka gharika yenyewe wengi wameshahama au wameshafariki. Mimi mgeni. Nikanyamaza."

"Mpira wa kupimia unakaa wapi?"

"Stoo ya ukumbi wa mafunzo. Ufunguo unaning'inia palepale, kila mwanafunzi anaujua."

"Hebu nionyeshe unavyofanya kazi."

Ulikuwa mpira mwangavu, mrefu, ule ambao mafundi ujenzi huujaza maji wakitafuta usawa. Sajini alipewa ncha moja aiweke kwenye kigingi, mkufunzi akaenda na nyingine hadi kigingi cha jirani. Maji yalipotulia yalikuwa sawasawa na vichwa vya vigingi vyote viwili. Wakasogea mbele, wakapima vingine, navyo vilikuwa hivyohivyo mpaka Sajini akaanza kuhema.

"Mwenye hasira angeving'oa tu," mkufunzi alisema. "Mwenye hila angezungusha mstari uikwepe nyumba yake. Huyu kapima. Vigingi vyote vimepanda kimo kilekile, toka kiwiko hadi ncha ya kidole."

"Kumbe wanafunzi wako hodari."

"Wapi, afande. Niliwaambia, anzia kwenye alama, na ukimaliza rudi kwenye alama, uchore tena uone kama umekosea. Wakifika kigingi cha mwisho wanakimbilia chakula. Kundi la Afisa Ardhi tu ndilo lililorudi, tena kwa kununa."

"Na mpira huu mtu mmoja hawezi."

"Hawezi. Lazima wawili."

Sajini alishusha pumzi. Alikuja kutafuta mhalifu mmoja asiye na sababu, sasa anao wawili wasio na sababu.

Alianza kupita kwenye nyumba zilizokumbwa na mstari mpya. Kila mlango ulimpokea kwa kelele. Mmoja alimlaumu mkufunzi, wa pili akamlaumu muuza matofali, wa tatu akamlaumu mume wake mwenyewe aliyechagua kujenga pale. Nyumba ya mwisho tu ndiyo ilikuwa kimya. Ilikuwa ya mshonaji, mjane, dada mkubwa wa Afisa Ardhi. Alikuwa amekaa sebuleni akikunja vitambaa na kuvipanga ndani ya boksi.

"Dada, wewe huna la kusema? Nyumba yako imo."

"Nimesikia, afande. Niseme nini? Maji hayabishaniwi."

Sajini alitazama huku na huku. Kwenye sakafu karibu na dirisha kulikuwa na vishimo vinne vya miguu ya cherehani, vimeshaingia vumbi la siku mbili tatu, lakini cherehani yenyewe haikuwepo.

"Mashine iko wapi?"

"Nimeipeleka kwa fundi. Yule anayekaa mkabala na kituo chenu."

"Aa, yule. Mtu mzuri yule."

Sajini aliaga akatoka. Fundi yule alikuwa amesafiri kwenda msibani tangu mwanzo wa wiki, na kibanda chake kilikuwa kimefungwa kwa kufuli ambalo Sajini alilipita kila asubuhi. Mjane alikuwa ameanza kuhama kabla vigingi havijahama. Alijua. Lakini mtu gani anajua nyumba yake inahukumiwa, kisha anamdanganya polisi ili hukumu isimame? Kichwa kilimuuma. Alitamani apewe mwizi wa kuku, amkamate, apumzike.

Akaona bora aende mahali mstari unapoanzia. Ilikuwa mashine ya kusaga nafaka, jengo la zamani kuliko yote bondeni, na ukutani palikuwa na mstari mwekundu wa rangi: alama ya gharika. Vigingi vyote vilipimwa kutoka hapo. Msagishaji, mzee aliyejaa unga hadi kwenye kope, alizima mota ili wasikilizane.

Sajini aliinama kwa shida. Juu ya alama nyekundu, kimo cha kiwiko hadi kidole, palikuwa na mistari miwili ya penseli, myembamba, imekaribiana kiasi kwamba ukucha usingepita katikati.

"Mzee, nani kachora hii?"

"Hata sijui. Jana haikuwepo."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Sajini alicheka. Mmoja wa kuanzia, mmoja wa kurudia. Mtu aliyekuwa anafanya uhalifu, tena kwa kujificha, alikuwa amerudi mwanzo kuhakiki kazi yake kama alivyofundishwa.

"Ukuta huu nani kaupiga lipu?"

"Afisa Ardhi. Alileta saruji na fundi wake, akasema serikali inataka majengo nadhifu. Nilimshukuru hadi nikamsagia bure. Lipu ilipokauka akaichora alama upya kwa mkono wake."

"Ilikuwa lini hiyo?"

"Mwaka ule aliofiwa na shemeji yake. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimenunua mashine, alama ya kabla yake hata sikuiangalia." Mzee alijipangusa. "Kwani ina nini? Binti yangu alipotaka kujenga nilimleta hapahapa. Akaitazama, akaenda akachagua kiwanja."

Sajini aliinuka. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Alimwomba patasi na nyundo, kisha akampigia simu Mwenyekiti kumwambia kwamba saini ya saa nane itatiwa penye mashine, si ukumbini.

Mwenyekiti alifika amekasirika, kalamu mfukoni. Walikuwepo mkufunzi, muuza matofali, maofisa, na Afisa Ardhi, mwanamume mpole mwenye mashati ya kupigwa pasi vizuri. Mshonaji alisimama nyuma kabisa.

"Mheshimiwa," Sajini alianza, "niliambiwa nimtafute aliyeuhamisha mstari. Nimemtafuta nikachanganyikiwa, kwa sababu nilidhani umehamishwa mara moja. Mzee, gonga hapo penye penseli."

Msagishaji aligonga. Lipu ilidondoka vipande vipande, na chini yake, kwenye tofali la zamani, ukatokea mstari mweusi wa lami. Ulikuwa sawa kabisa na ile ya penseli.

Mkufunzi aliziba mdomo kwa kiganja.

"Hii ndiyo alama ya kweli," Sajini alisema. "Mtu aliifunika akachora nyingine chini. Na aliyehamisha vigingi alijua ilipo, ingawa imefunikwa. Afisa Ardhi, ni wewe uliyeshusha, na ni wewe uliyepandisha. Nieleze, maana mimi bado sijaelewa."

Afisa Ardhi aliugusa ule mstari wa lami kwa kidole.

"Dada yangu alipofiwa, wakwe walimnyang'anya kila kitu, wakamwachia kipande kile cha bondeni," alisema. "Kibali hakikuwezekana, alama ilikataza. Nikaishusha. Nilitaka nyumba moja tu, afande. Halafu huyu bwana akaja na viwanja vyake, na kila mwombaji anapimwa kwa alama ileile. Ningemkataliaje?"

"Na sasa?"

"Jumatano mkufunzi alileta beseni la mchanga. Tukafinyanga bonde, tukapanga viberiti viwe nyumba, akamimina maji." Alimtazama dada yake. "Kiberiti cha dada nilikiweka mimi mwenyewe. Nilikiona kinavyoondoka."

Mshonaji alisogea mbele. "Alikuja kwangu akaniambia yote. Nikamwambia, twende tukaurudishe mstari. Jana alfajiri mimi ndiye niliyeshika ncha ya pili." Akajisugua macho. "Jana au leo, nimechanganya. Ni leo. Sijalala."

"Kwa nini hamkusema tu?" mkufunzi aliuliza.

"Aibu," Afisa Ardhi alijibu. "Na nilijua Mwenyekiti husaini bila kufika bondeni. Vigingi vingekuwa juu, karatasi ingesainiwa, basi."

Mwenyekiti alikohoa. Muuza matofali alianza kusema habari za hasara yake, akaona nyuso za watu, akaacha.

Msagishaji alikuwa bado ameshika nyundo. "Binti yangu kajenga kwa kuitazama hiyo nyekundu," alisema.

"Najua, mzee," Afisa Ardhi alijibu.

"Ana mtoto mchanga mle ndani."

"Najua. Mimi ndiye niliyegonga muhuri."

Sajini aliona huruma, na hakujua amhurumie nani kwanza, wala aandike kosa lipi kwanza, lile la kushusha au hili la kupandisha. Jambo moja tu lilikuwa wazi.

"Mheshimiwa," alisema, "kalamu."

"Nisaini upi?" Mwenyekiti aliuliza, na safari hii alimwuliza mkufunzi.

"Wa juu."

Akasaini akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza ukutani. Sajini alimgusa Afisa Ardhi begani, akamwambia waende kituoni kwa miguu, hakuna haja ya pingu. Akamgeukia mshonaji amwambie kwamba naye ataandika maelezo, lakini mshonaji hakuwa akimsikiliza. Msagishaji alikuwa ameweka nyundo chini na kuanza kupanda kuelekea kwa binti yake.

"Mzee, ngoja," mshonaji aliita. "Habari hii ni yangu kuisema. Twende wote."

Mzee hakumkatalia, wala hakumngoja.