Amana ya Masele

Limi alikuwa akitwanga mahindi uani kwa jirani yake Paskazia, mjini Shinyanga. Mahindi yenyewe yalikuwa kiasi cha chakula cha jioni tu. Kila mara alitazama juu, akaona mawingu yanaanza kukusanyika.

Mumewe, Masele, alikuwa mchimbaji katika mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Vumbi la mawe lilimharibu kifua. Alipozidiwa walihamia Shinyanga, wawe karibu na hospitali. Walipanga chumba kwa Bwana Eustace, mfanyabiashara wa pamba. Masele alilipa kodi, akaweka na amana ya shilingi sitini, akapewa stakabadhi. Amana ni fedha ambazo mpangaji humwachia mwenye nyumba. Akihama bila deni wala uharibifu, hurudishiwa.

Masele hakupona. Siku ya msiba Bwana Eustace alileta bafta ya sanda, akakaa na wafiwa mpaka mazishi yakaisha. Baadaye Limi alifagia chumba, akarudisha ufunguo, naye Bwana Eustace akakikagua na kuridhika. Lakini amana hakuitaja. Limi naye hakuitaja. Paskazia akampa yeye na mwanawe, Mageni, mahali pa kulala.

Sasa Limi alitaka kurudi Masumbwe, ambako shemeji yake alimtengea shamba. Hakuwa na nauli, wala jembe, wala mbegu. Asipowahi mvua hizi, mwanawe angekula nini mwakani?

Paskazia alikuwa akifundisha wanawake kusoma na kuandika, na Limi alikuwa mwanafunzi wake. Jioni ile Limi alimletea karatasi, akamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mayu Paskazia, Bwana Eustace amenijibu barua yangu. Lakini fedha hakuleta."

"Kumbe ulimwandikia! Ulisemaje?"

Limi alikuwa ameikariri. "Niliandika: Kwako baba yangu mpendwa, salamu nyingi. Sisi ni wazima, hofu ni kwako. Wasalimie mama na watoto wote. Mageni anakusalimu. Na ile habari yetu, baba, naona unaikumbuka. Wasalaam."

Paskazia akasoma jibu. Bwana Eustace alisema kwamba nao ni wazima, watoto wanasalimu, na msiba wa Masele anaukumbuka sana.

Nani wa kumlaumu? Ukiisoma barua ya Limi, huwezi kujua kwamba anadai hata senti moja.

"Mama Mageni," Paskazia alisema, "mbona hukuitaja amana?"

Limi akainama. "Nitaitajaje, mayu? Mtu huyu alimvika mume wangu sanda. Nikisema nipe fedha, si ataniona sina shukrani?" Machozi yakamtoka.

Paskazia alimwacha alie. Kisha akasema, "Sanda ilikuwa rambirambi. Aliitoa kwa moyo wake, nawe umshukuru. Amana ni jasho la Masele. Mambo hayo ni mawili, usiyafunge kitita kimoja. Chukua kalamu."

"Niandike nini?"

"Andika mahali ulipo na tarehe. Shukrani, mstari mmoja unatosha. Halafu sema fedha ni za nini, ni kiasi gani, mlihama lini, na unazitaka kabla ya siku gani. Sema pia utakwenda wapi usipolipwa."

"Hayo ya mwisho si matusi?"

"Tusi liko wapi? Unamwambia mapema ili asishtuke. Tena usimwite mwizi. Labda si mwizi."

Limi aliandika kwa shida, akafuta, akaandika tena. Ilikuwa hivi:

*Shinyanga, 4 Oktoba 1954*

*Kwa Bwana Eustace,*

*Nakushukuru sana kwa sanda uliyomletea mume wangu, Masele.*

*Nakuomba unirudishie amana ya chumba chako, shilingi 60, aliyokulipa marehemu. Stakabadhi yako ninayo. Nilihama tarehe 31 Julai. Sidaiwi kodi, na chumba ulikikagua mwenyewe.*

*Tafadhali nilipe kabla ya tarehe 16 Oktoba. Usiponilipa, nitapeleka shauri langu barazani.*

*Mimi, Limi, mjane wa Masele.*

"Sasa nakili nyingine kama hiyo," Paskazia alisema. "Moja mpe, moja ibaki kwako. Stakabadhi usimwachie. Nami nitakusindikiza, niwe shahidi kwamba ameipokea."

Kesho yake walimkuta Bwana Eustace dukani.

"Shikamoo, baba," Limi alisema.

"Marahaba, mama. Karibuni."

Limi akampa barua, naye akaisoma akiwa amesimama. Akakaa, akaisoma tena. Uso wake ulibadilika.

"Mama Mageni," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nilidhani amana mmeniachia. Kwa ajili ya ile sanda."

Safari hii Limi hakuinama. "Baba, sanda tuliipokea kama rambirambi. Kama ungeniambia ni ya kulipwa, ningeuza hata shuka zangu nimnunulie mume wangu mwenyewe."

Bwana Eustace aliona haya, tena haya kubwa. Alifungua sanduku la fedha, akaweka shilingi sitini mbele ya Limi. Kisha akamletea wino wa kidole gumba.

"Nitatia sahihi," Limi alisema. Akaandika jina lake kwenye hati ya kupokea fedha.

Wiki ile alipanda treni mpaka Isaka, akaendelea kwa lori. Mvua ya kwanza iliponyesha Masumbwe, alikuwa shambani na jembe jipya.

Mtama ulipokomaa, Limi alimwandikia tena Bwana Eustace. Sisi wazima, aliandika. Hofu ni kwako. Mageni anakusalimu, na mtama tumeshaonja. Barua nzima ilikuwa salamu tupu, maana safari hii hakuwa na cha kudai.