Mkongojo Nyuma ya Kabati

Asubuhi Mama Pacha hakai. Anafunga vifungo vya watoto, anatazama saa, anamnyanyua mama mkwe wake, Bibi Chuma, ampeleke bafuni.

"Taratibu, mwanangu. Mimi si gunia."

"Gunia halinung'uniki, mama."

Siku moja waliteleza wote wawili. Walicheka, kisha wakaingiwa na hofu. Je, kama mfupa ungevunjika?

Wakaomba serikali iwape msaidizi wa kumhudumia Bibi nyumbani. Afisa wa ustawi wa jamii akaja kumwona Bibi. Weee! Nyumba ikapigwa deki. Mkongojo ukafichwa nyuma ya kabati. Bibi akavishwa gauni la harusini, akakalishwa sebuleni kama picha ya ukutani.

"Bibi, unaoga mwenyewe?" afisa akauliza.

"Mama hajambo kabisa," Mama Pacha akadakia.

Bibi akaitikia kwa kichwa. Hakutaka mkwe wake aonekane mvivu. Mkwe naye hakutaka mama aonekane mzigo. Basi wakasitiriana hadi wakakosa msaada: jibu lilikuja kwamba Bibi anajiweza.

"Sasa nitaacha kazi," Mama Pacha akamlilia jirani yao, mshonaji aliyemuuguza mumewe kwa muda mrefu. "Na watoto watakula nini?"

"Shoga, mteja akiniletea suruali huku ameziba tundu kwa kiganja, nitashona nini?" mshonaji akasema. "Msaada ule si sadaka. Ni haki ya mzee. Ombeni afisa aje tena. Na safari hii Bibi ajibu mwenyewe. Akitaka, aongee naye faragha."

Wakaomba. Afisa aliporudi, alimkuta Bibi kitandani, mkongojo kando yake. Mama Pacha akafungua kinywa.

"Funga, mwanangu. Naulizwa mimi," Bibi akasema. Akamgeukia afisa. "Bafu naliogopa. Na mchana sinywi maji. Nikinywa, nani atanipeleka choo kabla huyu hajarudi kutoka kazini?"

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kazi."

Mama Pacha akaketi sakafuni, pawe pamepigwa deki au la.

Siku hizi msaidizi huja asubuhi na mchana. Bibi huoga bila hofu. Mama Pacha bado ana kazi yake, na mgongo wake umeacha kulia kama bawaba kavu.

Jana alirudi, akalishika jagi tupu la maji kando ya kitanda.

"Mama, hili si nililijaza asubuhi?"

"Ndiyo. Usilikodolee macho kama limeiba. Lijaze!"