Mtoto Aliyesimama Tuli

Aliyemwambia Wahu kwanza ni Dinah, mwanamke wa Kimaasai aliyemletea maziwa kila asubuhi pale Kitengela. Siku hiyo alimimina vikombe viwili kwenye sufuria, akafunga mtungi wake, lakini hakuondoka.

"Mama Mburu," alisema akiangalia chini. "Mzee wako akija kule kwetu usiku, huwa anakuja na mtoto?"

Wahu alicheka kidogo. Mtoto wa nyumba hiyo alikuwa Mburu peke yake, wa miezi saba, naye alikuwa amelala mgongoni mwake.

"Huyu hata kutambaa hajui, Dinah."

"Si huyo. Ni msichana. Shemeji yangu Lesiamon alikuwa anatafuta ndama aliyepotea, akawaona. Mzee wako ameinamia kamera, na msichana amesimama mbele yake. Hana viatu. Lesiamon alisalimia, mzee wako akaitika. Msichana hakuitika."

Wahu alishika ukingo wa mlango.

Binti yao Wacuka alikuwa amekufa Novemba ya mwaka uliopita, kwa homa ya mapafu iliyomaliza kazi yake kwa siku tatu. Alikuwa na miaka minne. Wahu alilia mpaka sauti ikakauka. Ngugi, mumewe, hakulia, wala hakuwahi kutamka kwamba mtoto amekufa. Alisema tu "tangu ile siku". Januari alinunua kamera kuukuu na stendi ya miguu mitatu. Jumapili mchana alipiga picha vilima vya Ngong akiwa Embulbul, au akashuka hadi Magadi kupiga yale maji mekundu. Lakini alichopenda zaidi ni nyota. Kila mwezi, usiku usio na mbalamwezi, alipanda pikipiki yake hadi nyika ya Kajiado, mahali pale pale, akaielekeza kamera upande ule ule: mgunga mmoja, kilima nyuma yake, na anga yote juu. Alitaka kuona anga ikigeuka mwaka mzima. Wahu alimwacha. Aliona heri nyota kuliko pombe.

"Anasimama wapi hasa?" aliuliza.

"Pale kwa boma ya zamani ya mzee Kuntai. Watu wanne walifia pale msimu mmoja, wale wengine wakahama. Kwetu mtu akifia bomani tunahama, na jina lake hatulitaji tena. Hata mbuzi hatulishi pale." Dinah alishusha sauti. "Kuna kitu kilibaki pale, na kinasikiza majina. Ukikiita, wewe mwenyewe uliyeita ndiye unaweza kukifukuza. Mwingine hakimsikii."

Ngugi aliporudi kutoka kazini jioni, Wahu alimuuliza. Hakukasirika. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyengojea sana kuulizwa. Alimketisha mbele ya kompyuta.

"Unaona hii? Nimefungua jicho la kamera sekunde thelathini. Hakuna kitu. Hii nyingine, hakuna kitu. Lakini usiku mmoja napiga kama mia mbili hivi, halafu naziweka zote moja juu ya nyingine. Chochote kinachotembea kinafutika. Ndege, popo, hata mtu akipita. Nyota tu ndizo kompyuta inazifuata. Kinachobaki ni kile kilichosimama."

Akabonyeza.

Nyota zilijaa kioo, nyingi kama unga uliomwagika. Chini yake kulikuwa na mgunga. Kando ya mgunga alisimama msichana mdogo, amevaa sweta ya rangi ya maruni yenye mikono iliyokunjwa.

Wahu aliijua sweta hiyo. Yeye ni fundi wa nguo za shule, na aliifuma kwa mikono yake. Wacuka alizikwa nayo.

"Ni yeye, mama," Ngugi alisema. "Kila mwezi anakuja karibu zaidi. Januari alikuwa nyuma kabisa, kule chini ya kilima. Sasa, ukiangalia anapokanyaga, ni hatua kumi tu. Safari ijayo nitamshika mkono nimlete nyumbani."

"Ulimwita?"

"Kila nikifungua kamera. Namwambia, Wacuka, simama hapo, usitingishike, baba anakupiga picha."

 Ngugi alipokwenda kuoga, Wahu alichukua utepe wake wa kupimia akauweka kwenye kioo. Picha ya Januari, msichana alikuwa sentimita saba. Ya Juni, sentimita saba. Ya Desemba, saba. Alirudia kupima, na hesabu ikarudi ile ile. Anayekuja karibu huongezeka machoni, na huyu hakuongezeka. Basi kama Desemba, akiwa hatua kumi, alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka minne, Januari kule chini ya kilima alikuwa mrefu kuliko ule mgunga, na mwezi baada ya mwezi alikuwa amejikunja na kujipunguza, akikitafuta kimo cha binti yao.

Usiku huo Ngugi alilala akitabasamu. Wahu hakulala.

Kla.

Ilikuwa sauti ya kamera ikifungua jicho. Kamera ilikuwa ndani ya mkoba juu ya kabati, na betri yake ilikuwa mezani, kwenye chaji, na taa yake ndogo ya kijani. Wahu alihesabu bila kutaka. Alipofika thelathini, ikafunga. Kla.

Kisha ikafungua tena, na safari hii ikaja na harufu ya samadi ya zamani iliyonyeshewa, ingawa Kitengela haikuwa imeona mvua kwa wiki tano, na harufu hiyo ikapanda kutoka sakafuni ikaingia kwenye blanketi na kwenye nywele zake, na Mburu akafumbua macho bila kulia akatazama pembe ya chumba, pale penye cherehani, akatazama kama watoto wanavyomtazama mtu wanayemjua, na Wahu akaanza kuomba kwa jina la Yesu, kwanza moyoni, kisha kwa mdomo, kisha kwa sauti, na kamera ikaendelea kufungua na kufunga juu ya maombi yake kana kwamba hajasema lolote, mpaka kutoka pembeni ikatoka sauti ndogo aliyokuwa ameitamani mwaka mzima.

"Baba. Nimechoka kusimama."

Ngugi aliketi. Miguu yake ilikuwa tayari sakafuni.

"Nakuja, mamangu."

Wahu alimkamata mkono kwa nguvu zake zote.

"Baba Wacuka, ngoja. Nionyeshe kwa simu yako picha moja ambayo Wacuka ametulia."

"Niachilie."

"Moja tu."

Hakuwa nayo, na alijua. Katika kila picha ya simu hiyo mtoto alikuwa ukungu: mkono kama moshi, uso wenye macho matatu, kichwa kinachotoka nje ya picha kwa sababu kuku amepita. Fundi wa studio alishindwa naye mara mbili, akarudisha pesa.

"Mtoto wetu hakutulia hata sekunde moja," Wahu alinong'ona, akilia. "Hata kanisani. Hata akila. Hicho kimesimama masaa mawili bila kupepesa, Baba Wacuka. Wewe ulikiambia kisimame, kikasimama. Wacuka angekusikiza lini?"

Kitu fulani kilivunjika usoni mwa Ngugi. Nusura kiwe kicheko.

"Mimi hakinisikii," Wahu alisema. "Wewe ndiye uliita."

Ngugi aligeukia pembe ya chumba. Midomo yake ilijaribu mara kadhaa kabla neno halijatoka.

"Wewe si Wacuka. Wacuka alikufa. Alikufa tarehe kumi na nne, saa kumi alfajiri, nikiwa nimembeba. Nilimfunika mimi mwenyewe. Toka kwangu."

 Jicho la kamera lilikuwa wazi. Wahu alihesabu thelathini, akapita, akafika mia moja.

"Basi mimi ni nani?" iliuliza ile sauti. Bado ilikuwa sauti ya mtoto wao.

 Ngugi alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, asiseme lile jina.

Kla.

Harufu ikaisha. Mburu akaanza kulia, na babake akaanza pia, kilio kikubwa cha mazishi, kikiwa kimechelewa mwaka mmoja na mwezi.

Asubuhi Wahu alimwacha Ngugi amelala. Alimfunga Mburu mgongoni, akatoa ndani ya Biblia kibali cha mazishi ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa tangu siku ya kuzika, akaenda hadi Kajiado, kwenye ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, kuomba cheti cha kifo. Karani alikigeuzageuza.

"Mama, hii ni ya mwaka jana. Mbona mmekaa hivyo?"

"Tulikuwa hatujaweza."

Karani alimtazama, akaacha maswali hayo. Alivuta fomu.

"Jina la marehemu?"

Wahu alilisema. Kisha akamtajia herufi moja moja, polepole, ili asikosee.