Akianza Mmoja, Wote Wadakie

— Mama watoto, weka mkoba chini.

Hakuuweka. Binti yao alikuwa getini na gari, na ujumbe wake ulikuwa umeshasomwa: "Mama, shuka. Baba akianza kuimba, usidakie."

Zamani mumewe aliongoza mgomo wa kiwanda cha nguo, mkewe akiwa fundi cherehani humo. Waliposhikiliwa pamoja na wenzao katika ua wa kituo cha polisi, walikula kiapo: akianza mmoja wimbo wa mgomo, wote wadakie, askari wasitambue sauti ya kwanza ni ya nani. Kumwacha mwenzako aimbe peke yake kulikuwa sawa na kumkabidhi kwa askari.

Wenzao waliobaki bado hukutana sebuleni humu, wakaimba, wakafutana machozi. Kwao wimbo ule ni ujana. Kwa mke umekuwa kufuli. Alipolalamika kwamba mume hakuonekana siku ya uzazi, mume aliimba. Alipopata kazi ya kufundisha ushonaji mji mwingine, mume aliimba. Kila mara alidakia, na ugomvi ukazikwa ukiwa hai.

Sasa binti amefungua karakana ya nguo mbali na hapa, anamtaka mama akafundishe. Mzee alikuwa ameeleza kwa kirefu kwamba umri umekwenda, kwamba wenzao watamcheka. Alipoona maneno hayaingii, alisimama mlangoni, akasafisha koo, akaanza.

Mstari wa kwanza ukaisha. Akangoja.

Mdomo wa mkewe ulikuwa umeshafunguka wenyewe. Akaufunga.

— Unaniacha peke yangu, komredi?

— Tuliimba ili askari wasijue nani kaanza. Humu ndani tuko wawili. Unamficha nani?

Mzee alitazama sakafu kama mtu aliyedondosha kitu. Kisha akasogea kando.

Mkewe akashuka ngazi bila kugeuka. Gari lilikuwa halijafika barabara kuu simu ilipoita. Binti akamwambia asipokee, ni wimbo tu. Akapokea, meno yameumana.

Upande wa pili kulikuwa na pumzi, kisha sauti kavu, isiyo na lahani yoyote:

— Naogopa kubaki peke yangu. Huko kuna nafasi ya mzee asiyejua kushona?

— Kuna kazi ya kupiga pasi. Na mafundi wangu hawapendi kelele.

— Nitanyamaza.

— Sitaki unyamaze. Nataka uongee.

— Basi nisubiri. Viatu vyangu viko wapi?

— Vitafute mwenyewe, mume wangu.

Akamwambia binti ageuze gari.